Nilimrekebishia Mama wa Watu Ukweli Wake

Jamani, mwenye kosa ni mimi. Nalisema mapema kabla mdomo wangu haujaanza kutafuta pa kuchepukia, maana naujua. Mdomo huu umeniokoa mimi mara nyingi, na mwenzangu mmoja umemzamisha.

Jina sitaji. Wale wa Galerie d'Ixelles, pale Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, wakisoma watanijua tu. Na wanijue!

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Tanga. Shule niliishia form two. Form three niliichungulia dirishani, nikaona wanafunzi wamekonda, nikarudi zangu nyumbani. Ubelgiji nililetwa na ndoa. Ndoa ikaondoka, mimi nikabaki. Kazi yangu ni hospitali moja kule Jette, nasukuma wagonjwa kitandani kuwapeleka kupigwa picha. Mama yangu anawaambia majirani mwanawe ni daktari. Sijapata nafasi ya kumkatalia.

Mnaona? Bado nachekesha. Ndio ugonjwa wenyewe huu.

Basi, miaka ya elfu mbili na kumi na kitu hivi, mdogo wangu alikuwa anakaa kwangu Koekelberg. Nimwite Saida. Alikuwa anamaliza digrii yake hapa Brussels na ndoto yake ilikuwa kwenda Kanada kusomea sheria. Kumbe huko huingii hivi hivi. Kuna mtihani wa kukuchuja kwanza, na mtihani wenyewe, wallahi, hauulizi sheria hata moja! Wanakupa kihadithi kifupi. Mtu anadai jambo fulani. Halafu unaulizwa: hoja hii inavuja wapi? Kipi kikiongezwa kinaiangusha? Kipi lazima kiwe kweli?

Saida alikuwa na kitabu kinene cha mazoezi. Jumapili mimi napika, yeye yuko mezani anasoma kwa sauti na kunitafsiria, ili aone kama mwenyewe ameelewa.

Siku ya kwanza akasoma: duka la mikate limebadilisha unga, tangu hapo wateja wamepungua, kwa hiyo unga mpya ndio unaowafukuza wateja. Kipi kinadhoofisha hoja hii?

Nikageuka na mwiko mkononi. "Labda manispaa imechimba barabara mbele ya duka. Brussels hii hii! Watu watapita wapi, juu ya paa?"

Saida akaangalia majibu nyuma ya kitabu. Akaniangalia mimi. "Kaka, umepata."

Ole wangu! Hapo ndipo nilipoharibika.

Mtu uliyekimbia shule ukiambiwa umepata swali la wanasheria wa Kanada, unavimba kama andazi. Kuanzia siku hiyo nikawa mtafuta mashimo. Kila anayeongea, mimi naangalia hoja yake inavuja wapi. Nesi akisema lifti mbovu kwa sababu ya mvua, nambomoa. Padri akihubiri... tuyaache. Mimi Mwislamu, nilialikwa tu ubatizo.

Lakini kulikuwa na maswali ya aina nyingine ambayo nilikuwa nafeli kila mara. Yale wanayokwambia: chukua haya yote kuwa ni kweli, sasa sema kipi kinafuata. Kwa mfano, wote walioingia ukumbini walivaa makoti, na Juma hakuvaa koti. Jibu ni kwamba Juma hakuingia. Mimi nabisha! "Kaazima koti mlangoni. Mabrazameni tunawajua."

Saida anacheka mpaka analala juu ya kitabu. "Kaka, huruhusiwi! Ulichopewa ni ulichopewa. Hukibadilishi. Ukibadilisha maelezo umeshafeli kabla hujajibu."

Alinirudia maneno hayo mara nyingi. Mimi nikawa naona ndiyo sehemu ya kijinga ya mtihani.

Sasa nije kwa Maman Zawadi. Nalo si jina lake.

Pale Galerie kuna saluni ya mama mmoja wa Bukavu, nimwite Maman Bea. Jumamosi Saida alikuwa anasukwa pale, na mimi namsindikiza kwa ajili ya kupiga soga. Wakongo wale walinizoea, wananiita Tonton Tanzanie, yaani mjomba wa Tanzania. Nikiingia tu Maman Bea anapiga kelele: "Bafunge mulango! Uwongo imeshaingia!"

Maman Zawadi alikuwa anasaidia kusuka hapo. Mama mtu mzima kidogo, mpole, ana mikono myepesi. Alitoka Kivu na alikuwa ameomba hifadhi. Watoto wake watatu walibaki Uvira kwa bibi yao. Akipewa karatasi angeweza kuwaleta, akinyimwa ndio basi. Simu yake ikilia tu, kichwa unachosukwa kinaachwa hapo hapo. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Mahojiano ya kwanza, yale mafupi ya kufika, alikuwa ameshafanya. Alikuwa anasubiri yale makubwa ambayo wenyewe wanayaita audition. Ndiyo yanayoamua.

Sasa pale saluni kuna desturi. Mtu akikaribia audition, wanamkalisha kwenye kiti cha kusukia, na mmoja anajifanya ofisa. Anamuuliza maswali, wengine wanasahihisha. "Usiangalie chini, alors!" "Sema polepole!" Wanafanya kwa mapenzi kabisa, wengi wao walipita humo humo. Na siku ya Maman Zawadi, nani ajifanye ofisa? Wote wakanigeukia mimi, mchekeshaji. Nikachukua taulo la saluni nikalivaa shingoni kama tai. Watu wakacheka, hata yeye akacheka.

"Madame," nikasema kwa sauti ya puani, "tueleze siku ile."

Akaeleza. Ninavyokumbuka mpaka leo, neno kwa neno:

"Nilikuwa natayarisha maharagi inje, ku mbabula. Masasi ikaanza kulia. Batoto nilikuwa nishabatuma kwa jirani pale chini. Minakimbia. Minafika ku barabara, nikakumbuka mbabula inawaka. Nikarudia. Nikaizima na maji. Njo bakaingia. Nikajificha nyuma ya choo. Niliona sura zao bote. Mumoja namujua, ni muntu wa kwetu. Baliua bwana yangu pale mbele ya mulango."

Mbabula ni jiko lile la makaa.

Maman Bea akawa anajifuta macho na upindo wa kitenge.

Na mimi, badala ya kunyamaza! Badala ya kuvua lile taulo na kusema pole mama! Mimi kichwani naona nini? Naona swali. Naona shimo, kubwa, jeupe pee.

"Subiri kwanza," nikasema. "Umerudi kwa ajili ya maharage?"

Mtu mmoja nyuma akaguna kicheko. Wengine wakafuata, kicheko kile cha watu waliotaka kulia.

"Donc mi nirudie juu ya nini?" akauliza.

"Ndicho atakachokuuliza ofisa! Mtu anayekimbia risasi harudi kuzima jiko. Haingii akilini. Na usiporudi hukuwaona. Na usipowaona hawana sababu ya kukutafuta. Unaona? Hadithi yako yote imening'inia kwenye sufuria la maharage!"

Masikini mimi, nilijisikia kama profesa. Watu wakaanza kutikisa vichwa: ni kweli, ni kweli, Tonton anasema kweli. Nikamwangalia Saida, nataka anisifu. Saida kichwa kilikuwa kimeinamishwa, nusu kimesukwa nusu bado. Akasema tu, "Kaka, acha. Ameshasema ilivyokuwa."

"Wewe soma kitabu chako," nikamwambia.

Nikampa Maman Zawadi dawa yangu. Sema ulirudi kumchukua mtoto. Mama kurudi kwa ajili ya mtoto, nani atabisha? Shimo limezibika.

"Lakini batoto balikuwa kwa jirani. Nilisema ivyo pa mbele, siku nilifika."

"Yale yalikuwa mafupi, mama. Nani atakumbuka?"

"Na ni uwongo, tonton."

"Si uwongo, ni kuunyoosha ukweli uingie mlangoni."

Sentensi hiyo! Nikiisikia kichwani nataka kujizaba kofi. Lakini siku hiyo watu waliipigia makofi. Maman Bea akasema, "Sikiliza ye, dada. Huyu anajua kintu ya ba-avocats, ya sheria. Nyumbani kwao banajifunza ile examen ya Canada." Basi mama wa watu akaamini. Alifanya mazoezi na mimi pale kitini mpaka ikatoka vizuri bila kukwama. Nilirudi na Saida kwenye tramu nimevimba, yeye kageukia dirishani.

Audition ikafika. Mkalimani alikuwepo, wakili alikuwepo. Maman Zawadi akasema: nilirudi kumchukua mtoto.

Ofisa akafungua aliyosema siku ya kufika. Kila kitu kilikuwepo. Akamuuliza, kwa upole kabisa, alivyosimulia mwenyewe baadaye: "Madame, ulisema watoto walikuwa kwa jirani. Ulirudi kumchukua mtoto yupi?"

Akajibu, "Zawadi," mtoto wake wa kwanza. Kisha akasema hapana, mdogo. Maharage hakuyataja, kwa sababu mimi nilimwambia yatamchekesha ofisa.

Akapata négatif, akanyimwa. Hawakumwamini. Hawakutilia shaka kule kurudi tu. Wakaona kama hili si kweli, na zile sura huenda hakuziona, na yule mtu wa kwao huenda hayupo. Walivuta uzi mmoja, nguo yote ikafumuka. Na uzi ule niliufunga mimi!

Mtasema, ulikosea kwa ujinga, ndugu, Mungu atakusamehe. Subirini. Huo ulikuwa ujinga. Dhambi inakuja sasa.

Kulikuwa na rufaa. Wakili wake akamwambia, kama kuna mtu aliyekufundisha maneno haya, aje aseme. Tuandike kwamba maelezo ya kwanza ndiyo yako, na ya pili ulishauriwa ukiwa na hofu. Huenda ikasaidia, huenda isisaidie, lakini aje.

Maman Zawadi hakunipigia kelele. Alinisubiri nje ya saluni, mikono ndani ya koti. "Tonton, utakuya? Useme tu kama ni weye."

Nikasema, "Mama, nitakuja hata kwa magoti!"

Na nilitaka kwenda. Lakini kibali changu cha kukaa kilikuwa kinakwisha, nilikuwa nasubiri kipya. Ndoa ilishakufa, mambo yangu yenyewe yalikuwa yamekaa upande. Nikaanza kujiuliza: nikisema nilimfundisha mtu kusema uongo, wataniandika wapi? Nikajijengea hoja nzuri kabisa. Haikuwa na shimo hata moja.

Siku yenyewe ya kwenda kwa wakili nilipanda tramu. Ikasimama pale kwa wakili. Nikamwona! Amesimama mlangoni kwenye kijimvua, kavaa kitenge chake cha kanisani chini ya koti, anaangalia kila anayeshuka. Milango ikafunguka. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Milango ikafungwa.

Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Simu niliizima. Jumamosi iliyofuata nikaenda saluni na uongo wangu: shifti, bosi, mgonjwa. Alikuwa anamsuka mteja. Hakuinua uso. Akasema tu, "Haina neno, tonton." Na mimi, mnajua nilifanya nini? Nilitania! Nikasema kitu kuhusu mkeka wa kichwa cha yule mteja, watu wakacheka.

Rufaa ikashindwa. Siku moja kiti chake kikawa kitupu. Wengine walisema kavuka Ujerumani. Wengine walisema walimkamata wakampandisha ndege. Namba yake ikawa haiiti tena. Watoto wa Uvira, sijui. Nami sikuuliza sana, nisije nikajibiwa.

Saida alifanya mtihani wake akafaulu, akaenda Kanada. Hajui mambo ya tramu, nilijisemea. Nikarudia maisha yangu ya kawaida. Kibali nikapata.

Mpaka Jumapili ile.

Niko jikoni mchana, maharage yanachemka, ya nazi, ya kwetu. King'ora cha jengo kikalia. Nikadhani mzaha. Nikafungua mlango, ngazi zimejaa moshi! Ghorofa ya chini yangu ilikuwa inaungua. Nikashuka mbio, msuli kiunoni, kandambili moja mguuni. Nikafika barabarani salama. Majirani wote wako nje, watoto wanalia, basilika lile kubwa la Koekelberg limesimama kule mwisho wa barabara kama halituoni.

Nimesimama pale, salama salimini. Halafu nikakumbuka sufuria.

Wallahi sikufikiri. Sikuamua. Miguu iligeuka yenyewe. Kuna mtu alinishika msuli, nikaponyoka. Nikapanda zile ngazi, moshi unanikaba, nyumba inaungua, nikaingia ndani, nikafika kwenye jiko, nikazima.

Nikabaki nimesimama hapo, mkono kwenye kitufe.

Nikasikia sauti yake kama amesimama nyuma yangu. *Nikakumbuka mbabula inawaka. Nikarudia.*

Zimamoto mmoja akanikuta, akanibeba kama gunia mpaka chini, mimi natajataja maharage. Jirani yangu, mzee wa Kibelgiji wa chini kabisa, akanitazama nilivyo mweusi kwa masizi kuliko nilivyoumbwa. Akauliza kwa Kifaransa: "Umerudi kwa ajili ya maharage?"

Na watu wakacheka, kicheko kile kile.

Nilikaa chini kwenye lami nikalia mpaka wakaniletea blanketi wakidhani ni moshi.

Tangu siku hiyo, jamani, sina raha. Nikisikia harufu ya maharage yanayoanza kushika chini, hata kwa jirani, nasimama. Nikiwa kwenye tramu, milango ikifunguka, namwona mtu wa kitenge mlangoni. Namwona kila kituo. Kazini namsukuma mgonjwa, ananieleza alivyoanguka, na maelezo yake hayaeleweki. Kahama ghorofa, karudi, kasahau, kakumbuka. Zamani ningemtania. Sasa namwambia ndiyo, mama. Ndiyo, baba. Naogopa hata kuuliza.

Nilikwenda Galerie. Nikasimama katikati ya saluni nikasema yote, mpaka ya kiatu. Nilitegemea kutukanwa. Natamani wangenitukana! Maman Bea alizima mashine ya kukaushia nywele ili asikie vizuri. Nilipomaliza akasema, "Alikusubiri pale, baba. Alitupigia simu, anasema tonton amechelewa, tramu ya Brussels munaijua." Alikuwa ananitetea! Mpaka milango inafungwa, yeye ananitetea.

Kisha Maman Bea akawasha mashine. Hakuna aliyenikaribisha kiti. Siku hizi nikipita pale mlango uko wazi, na hakuna anayepiga kelele kwamba uongo umeingia.

Nilimpigia na Saida Kanada. Akasema, "Kaka, nilikwambia hubadilishi ulichopewa." Tunaongea kwenye sikukuu tu sasa.

Ndugu zangu mlio ughaibuni, na ninyi wajuaji wa vijiweni kama mimi, nawaomba. Mtu akikuhadithia yaliyomkuta, usimtafutie mashimo. Hayo mashimo ndiyo yaliyomkuta. Kama hukuwepo, shika taulo lako, mfute machozi, nyamaza. Na wewe uliyeambiwa "sema hivi, itaaminika zaidi," mkimbie huyo mshauri hata kama anachekesha. Hasa kama anachekesha. Na ukishaharibu, ukaombwa uje useme tu kwamba ni wewe, shuka kwenye tramu! Kibali kitoke kisitoke, utakula ugali utalala. Mimi nilikipata, kiko kwenye droo. Sijalala vizuri.

Maman Zawadi, sijui uko wapi, sijui kama kuna mtu wa kukusomea haya. Mwenzio nilirudi. Nyumba inaungua, nikarudi.

Ulirudi kuzima mbabula. Mama, nakuamini.